Kitunguu Tumboni mwa Shabani

Ni mimi niliyemtazama Shabani tumboni kwa ultrasaundi Ijumaa ile. Si mtu wa wodi ya wazazi, si mwanafunzi wa mazoezi aliyepita, si daktari mgeni. Ni mimi. Jambo hili nimelikana mbele ya mwalimu wangu, Mzee Pazi, tangu siku yenyewe hadi Iddi ya mwisho aliyonipigia simu. Hata alipofariki nilikaa msibani kwake, leso mkononi, nikiwa bado sijasema. Na msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata jinsi marehemu alivyokuwa akikoroma. Mie nilikuwa mtani wake, Mnyamwezi kwa Mzaramo. Ruhusa ile yote nikaitumia kudai sahani ya pili ya pilau.

Sasa nimestaafu. Naishi Goba, juu ya kilima ambacho gari la maji likikipanda linaguna kama mgonjwa, na nyie vijana mnaosoma mionzi huja kunitembelea na kuniuliza zamani mlikuwa mnafanyaje. Mkiondoka mnasema, "Asante, Mama Kabula, tumejifunza," huku naona kabisa kwamba nusu hamjaiamini. Basi nimeona niwaandikie. Kwenye karatasi hamwezi kuangalia simu zenu nikiwa katikati ya sentensi, au mkiangalia, sitawaona.

Kwanza mjue tulichokuwa tunakitafuta. Utumbo mwembamba wa mtoto ni mtaa usiofikika kwa gari. Kamera ya kuingilia mdomoni inafika barazani inarudi, ya kuingilia nyuma inafika uani inagonga ukuta, na katikati inabaki njia ndefu iliyojikunja kama mpira wa kumwagilia uliotupwa bustanini. Na mwenye utumbo hasaidii. Muulize mtoto wapi panauma, ataonyesha kitovu. Watoto wote huonyesha kitovu. Nimewahi kuletewa mtoto mwenye jino bovu, naye akaonyesha kitovu.

Nyie mna mashine ya sumaku isiyo na mionzi. Mtoto anakunywa maji matamu, analala, utumbo wake unajaa kwenye kioo mkunjo kwa mkunjo. Mna hata kidonge chenye kamera ndani, mtoto anakimeza nacho kinajisafirisha kikipiga picha njia nzima kama mtalii. Sisi tulikuwa na bariamu. Ni unga mweupe, mzito kama chokaa. Unaukoroga na maji, mtoto anakunywa, kisha unapiga eksirei moja baada ya nyingine ukiufuata ule weupe unavyoteremka. Mahali ulipobanwa, ulipokwama, au ulipozunguka kitu fulani, ndipo penye ugonjwa. Kazi ya nusu siku kwa mtoto mmoja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kusubiri.

Kusubiri kule ndiko ninakokukumbuka zaidi kuliko picha. Hospitali yetu ilikuwa upande wa Temeke, na ukumbi wa nje ya chumba cha eksirei ulikuwa na benchi refu lililong'arishwa na khanga za akina mama. Watoto walikaa pale na masharubu meupe ya bariamu. Akina mama walibadilishana habari za shule, za mabwana, za nani kafungua saluni Tandika. Mtoto akishuka benchi kukimbia, mama yake akimgombeza, Mzee Pazi alitoa kichwa mlangoni: "Mwache akimbie! Akikimbia yeye, na dawa inakimbia." Ilikuwa kweli. Na aliyekunywa, dawa ikachelewa kushuka, tulimlaza ubavu wa kulia, tumbo likamimina lenyewe. Hilo mlishike, siku moja mtakosa umeme wa mambo yenu.

Nilifika pale na shahada yangu ya chuo kikuu ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Mzee Pazi alikuwa mkuu wa kitengo, mtu mfupi, kofia ya mkono kichwani, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Tabora."

Uso ukamchangamka. "Alaa! Mtani! Mzigo umeutua wapi?"

"Nimeuacha Kibaha, Mzee. Nimeambiwa huku Wazaramo mkiona mzigo mnauza, kama mlivyouza viwanja mpaka uvungu wa kitanda."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaninyooshea mwiko. Mwiko kweli, wa mti, wa kupakulia wali, kichwa chake kimefungwa pamba na kitambaa safi. "Bahasha weka juu ya kabati. Shika huu."

Mwiko ule ndio uliokuwa chuo changu cha pili. Utumbo uliojaa bariamu hulaliana, mkunjo juu ya mkunjo, na ugonjwa hujificha chini. Lazima uutenganishe kwa kukandamiza kutoka nje, na mti hauonekani kwenye eksirei. Lakini tumbo la mtoto likikandamizwa hukaza kama ngoma. Wengine walikuwa wakishindana nalo, mtoto analia, mama analia, picha inatoka ovyo. Mzee Pazi aliinua kidole chake cha shahada mbele ya uso wa mtoto akasema, "Huu mshumaa. Upulize uzime." Mtoto akipuliza, tumbo linalegea, na hapo hapo mwiko unazama taratibu. Mtoto akivuta pumzi, mwiko haukandamizi wala hauondoki, unangoja. "Puliza tena, haujazima." Unazama kidogo zaidi. Mpaka mtoto anamaliza kuzima mishumaa, umeshautenganisha utumbo kama mtu anayechambua mchicha, na hakujua.

Ilinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mara ya kwanza nilisahau kwamba mimi ndiye ninayekandamiza, nikawa napuliza na mtoto.

Jambo jingine alilonifundisha: usimnyweshe mtoto wa mtu kitu ambacho wewe hujakitia mdomoni. Kila bariamu tuliyokoroga tuliionja. Alikuwa anaitia sharubati ya rozela na kuiweka kwenye jokofu, maana ikiwa ya baridi ladha ya chokaa inapungua. Inapungua, sikusema inaisha. Kwa miaka mingi meno yangu yamefahamu ladha ile kuliko ladha ya asali ya kwetu.

Na alinifundisha kuuliza. Mtoto wa bariamu anatakiwa aje tumbo tupu. Asubuhi moja nikamuuliza bibi mmoja, "Mtoto hajala, Bibi?" Akaapa hajala. Tukamnywesha mtoto, tukapiga picha, tumbo limejaa mawingu. Mzee Pazi akamwita bibi: "Mama, mtoto kanywa chai?"

"Chai kanywa."

"Na nini?"

"Na chapati. Na maharage kidogo ya jana."

"Sasa mbona umesema hajala?"

Bibi akamtazama kama anamwonea huruma. "Baba, kula si mchana?"

Tangu siku hiyo siulizi kama mtoto amekula. Nauliza ni kitu gani kimepita mdomoni tangu alipoamka, na namalizia, "Hata andazi."

Lakini picha niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mnyoo. Msichana mdogo, tumbo limevimba, tukaona ndani ya weupe wa bariamu kivuli kirefu kama kamba ya kiatu. Nilidhani ni kasoro ya filamu. Mzee Pazi akaweka picha kwenye taa, akanivuta karibu. "Tazama katikati yake." Katikati ya kile kivuli kulikuwa na uzi mweupe mwembamba, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. "Unajua ni nini? Mnyoo naye kanywa bariamu. Huo ndio utumbo wa mnyoo." Akatikisa kichwa kwa heshima. "Kaja mgeni, kakaribishwa, kanywa."

Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba kazi yake inapitwa?

Maana ilikuwa inapitwa. Ultrasaundi ilifika hospitalini ikapelekwa wodi ya wazazi, na Mzee Pazi akaipa jina: luninga ya wajawazito. "Utumbo una hewa," alisema, "na luninga ile ikikuta hewa inakuonyesha chenga. Bariamu haisemi uongo." Alikuwa na hoja, kwa mashine za wakati ule. Lakini nilikuwa nimeanza kusoma majarida, kwamba ukikandamiza taratibu na kile kichwa cha mashine, hewa inasogea, na utumbo unauona unavyotembea, palepale, bila mionzi hata chembe kumwingia mtoto. Nilipofungua mdomo kumwambia, alinikata.

"Kuna kijana nilimfundisha kabla yako. Naye akaanza hivyo hivyo, Mzee hiki, Mzee kile, majarida. Akaondoka. Hata salamu." Alisema hivyo bila utani, jambo lililokuwa nadra, kisha akarudi kwenye utani haraka kama mtu aliyekanyaga moto. "Mnyamwezi, ukiniacha nitawaambia watani zako wote kwamba unaogopa mende."

Basi nikawa najifunza kwa siri. Mkunga wa wodi ya wazazi, Sista Magreth, alinifungulia chumba saa ya chakula cha mchana. Sikuwa na mgonjwa wa kujifunzia, kwa hiyo nilijilaza mwenyewe, nikajipaka jeli, nikajitazama. Nimeuona utumbo wangu ukipambana na makande. Sista Magreth alikaa pembeni anakula wali, akiniuliza, "Msichana au mvulana?"

Nilijifunza pia mambo ya nyumbani ambayo hayamo vitabuni. Jeli ya baridi humfanya mtoto akaze tumbo, kwa hiyo chupa iloweke kwenye maji ya moto kabla. Mpe mtoto kichwa cha mashine akishike kwanza, ajitazame mkono. Usianze na mahali panapouma, hapo umalizie. Na kubwa kuliko yote: mtazame akiwa anaumwa. Hili la mwisho sikulisoma popote. Alinifundisha Shabani.

Shabani alikuwa wa Yombo, umri wa kuanza chekechea, mwembamba, mwenye macho makubwa ya mtu anayekusikiliza. Maumivu yalimjia ghafla, akajikunja, akatapika, yakaisha kama yalivyokuja. Aliletwa kwetu zaidi ya mara moja kwa bariamu. Kila mara picha ilikuwa safi. Bariamu inateremka vizuri kama maji kwenye mfereji. Na kila mara Mzee Pazi alimwambia mama yake kwa furaha ya kweli, "Mtoto wako hana kitu."

Mara ya mwisho Mama Shabani hakufurahi. Alibaki amekaa benchini, anakunja ukosi wa shati la mtoto.

"Sista," aliniambia, "mie nikirudi na jibu hili baba yake ataniambia nini? Anasemaga namdekeza. Anasema mtoto ananiigizia asiende shule, nami namwigizia yeye nisiende shamba kwa mama yake. Juzi kamchapa. Mtoto kajikunja na maumivu, yeye kamchapa."

Nilipofika nyumbani sikula. Nilikuwa nimeelewa kitu rahisi ambacho sote hatukukiona: tulikuwa tunampangia Shabani tarehe, na ugonjwa wake haukupangiwa. Kila alipokuja kwetu alikuwa keshapona. Tulipiga picha za mtaa wakati wezi wameshaondoka, kisha tukatangaza mtaa ni salama.

Nikamwambia mama yake: siku akishikwa, usingoje tarehe, chukua teksi, njoo.

Alikuja Ijumaa, adhuhuri. Mzee Pazi alikuwa ameshaenda msikitini. Shabani alikuwa amejikunja kifuani kwa mama yake kama kamba iliyofungwa fundo, na asubuhi alikuwa amekunywa chai na mkate, hivyo bariamu haikuwezekana hata kama Mzee angekuwepo. Sikufikiri sana. Nilimbeba mwenyewe mpaka wodi ya wazazi. Sista Magreth aliinua macho toka kwenye wali wake, akaona uso wangu, akatupisha.

Jeli ya moto. Kidole juu.

"Shabani, huu mshumaa."

Aliujua mchezo. Akapuliza huku machozi yanamtoka, nami nikakandamiza, nikangoja, akapuliza, nikakandamiza. Hewa ikasogea. Na pale karibu na kitovu, mahali ambapo kila mtoto huonyesha na sisi hucheka, nikakiona: kitunguu. Kitunguu kilichokatwa katikati, duara ndani ya duara ndani ya duara. Utumbo ulikuwa umejimeza, kipande kimeingia ndani ya kipande kinachofuata, kama mkono wa shati unaposukumwa ndani. Nikageuza kichwa cha mashine kuufuata kwa urefu wake, na kwenye ncha ya kile kilichomezwa kulikuwa na kidude cha mviringo kama zabibu. Kinyama. Kilichoota ukutani mwa utumbo, ambacho utumbo ulikuwa unakivuta kama chakula, na kikivutwa kinauvuta wote.

Nilimwita Daktari Mushi wa upasuaji. Alikuja, akatazama kioo, kitunguu kikiwa bado kipo. Kinyama hakukiona vizuri; wakati anainama, Shabani alipumua kwa nguvu, na mbele ya macho yetu duara zile zikafunguka. Utumbo ukajitapika wenyewe. Kioo kikawa cha utumbo wa kawaida, unatembea zake. Shabani akafumbua macho akasema anataka chapati.

"Kabula," Daktari Mushi akasema, "kujimeza hivi kwa utumbo mwembamba mara nyingi kunaisha kwenyewe. Sifungui tumbo la mtoto kwa jambo lililokwisha. Nitafungua tu kama kuna kinyama. Mie sijakiona. Wewe umekiona?"

Hapo ndipo nilipotamani shahada yangu ingekuwa ya ualimu.

"Nimekiona."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na kikibaki, siku moja utumbo utakwama usifunguke, na watakuwa wamezoea kumchapa."

Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akamweleza mama. Shabani akaandaliwa. Chai ya asubuhi ikapewa muda wake wa kushuka, na alasiri ikapangwa thieta. Kabla hawajaondoka nilimshika Mama Shabani mkono nikamwomba jambo la aibu: asimwambie Mzee ni nani aliyeshika mashine. Hakuuliza kwa nini. Wanawake wanaoishi na watu wenye msimamo huelewana haraka.

Mzee Pazi alirudi akiwa ananukia udi na habari zimeshamfikia ukumbini. Alisimama mlangoni, bado na kanzu.

"Mtoto nimemwona anacheza na kitasa cha mlango, ati anapelekwa kukatwa. Nani kamwekea luninga?"

"Sijui, Mzee," nikasema. "Nadhani wale wa wodi ya wazazi."

Petro wa kwenye Biblia aliulizwa mara tatu ndipo jogoo akawika. Mie mara moja ilitosha.

"Wale wanajua utumbo?" Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali angepaza. "Mtoto nimempiga bariamu mwenyewe. Safi. Wakimfungua wasikute kitu, kovu litakuwa la nani? Mtu akifanya kosa na bariamu, picha ipo, tunaishika, tunaulizana. Luninga imezimwa. Imebaki nini? Neno la mtu. Na huyo mtu hana hata jina."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Tumbo la Shabani lilikuwa linafunguliwa kwa neno langu, na neno lenyewe nilikuwa nimelikana.

Tulisubiri. Tulikuwa mabingwa wa kusubiri, lakini si kwa namna ile. Mama Shabani alikaa kwenye benchi letu lilelile, peke yake, maana siku hiyo hatukuwa na watoto wa bariamu. Mzee Pazi akamtengenezea chai kwa mikono yake, akatia tangawizi, akakaa karibu naye. Mie nilikuwa ndani nafuta mashine isiyo na vumbi, mlango wazi.

"Baba yake anajua?" akamuuliza.

"Nimempigia, babu. Kasema mtoto akipasuliwa bure, nisirudi."

Mzee Pazi akakoroga chai. Nikasikia kijiko kinazunguka kikombeni.

"Huyo aliyemtazama," akasema, "ni nani?"

"Simjui, babu. Mie nilikuwa namwangalia mtoto."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Alimuumiza?"

"Hata! Alimwambia apulize kidole. Akipuliza ndo anakandamiza. Mwanangu hata hakulia tena."

Kijiko kikaacha kuzunguka.

Nilisugua kitufe cha mashine mpaka rangi yake ikafifia. Mashine ile ilikwenda kustaafu na kitufe cheupe. Nilijua sasa atasimama, ataingia, ataniita jina langu kamili. Aliingia kweli. Alichukua mwiko wake mahali pake, akafungua kitambaa cha zamani, akaanza kufunga kipya, taratibu, pamba kwanza, kisha kitambaa, kisha uzi. Hakunitazama.

"Mtani," akasema mwishowe.

"Naam, Mzee."

"Kwenu mtu akibeba mzigo mzito peke yake, mnamwitaje?"

"Mpagazi, Mzee."

"Sisi tunamwita mjinga." Akakata uzi kwa meno. "Mzigo ukiwa mzito unaita mwenzako."

Nilitaka kusema, nikajiambia, ngoja kwanza nijue ya mtoto. Kama wamekosa kinyama, nitakiri na kuondoka Temeke kabla ya magharibi. Kama wamekipata, sina haja ya kusema, na Mzee atabaki na bariamu yake isiyosema uongo. Ndivyo waoga tunavyojipangia: kila njia, kimya kina nafasi.

Nje, Mama Shabani alikuwa ameshika ule ukosi wa shati, shati bila mtoto ndani yake, anaukunja na kuukunjua.

Simu ya ukutani ikalia.

Tulikuwa na desturi kwamba simu anapokea mkuu. Mzee Pazi aliweka mwiko chini, akavuta kofia sawasawa kana kwamba anayepiga anamwona, akainua mkono wa simu.

"Eksirei... Naam, Daktari... Naam." Alisikiliza. Kutoka nilipokuwa nilisikia sauti ya Daktari Mushi ikikwaruza kama redio ya mbali, pasipo neno la kushika. "Kiko wapi? ... Enhe... Saizi gani? ... Alaa." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu zaidi, akanigeuzia mgongo. "Na mwenyewe? ... Anapumua vizuri. Alhamdulillahi. Nitamwambia mama yake sasa hivi... Eti? ... Nani? ... Haya. Nikimwona nitampa."

Akaitundika simu polepole. Akatoka mpaka mlangoni. "Mama Shabani! Kinyama kimetolewa, mtoto mzima. Mpigie baba yake. Mwambie aje na chapati, asije na fimbo." Nikasikia kilio kile cha mama ambacho ukikisikia mara moja hutakichanganya tena na kilio kingine. Kisha akarudi ndani, akasimama mbele yangu, mfupi, kanzu imekunjamana, macho yanang'aa kama ya mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

"Daktari anasema nimshukuru aliyeshika ile luninga. Wewe unamjua?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari kukiri. Lakini nilimtazama usoni, na nikaona anaingoja ile kauli nyingine, anaitamani, kama mtani anavyongoja kutukanwa.

"Simjui, Mzee."

"Hata mie simjui." Akachukua mwiko, akautundika mahali pake. "Ila ukimwona, mwambie kakandamiza vizuri sana. Aliyemfundisha atakuwa mtu wa maana."